Kuta za mawe ndizo zinazomeza Wi-Fi: Mambo ya kuzingatia kabla ya kununua mfumo wa wavu

FAMILIA nyingi zilizounganishiwa intaneti ya faiba zimejikuta katika kitendawili kimoja. Sebuleni, karibu na kisanduku cha kampuni inayouza huduma hiyo, filamu hupita kwenye runinga bila kukwama. Ghorofani, hatua zisizozidi 20 kutoka hapo, mama anayefanyia kazi nyumbani hukatika sauti katikati ya mkutano, na mtoto aliyeagizwa na mwalimu kupakua mazoezi hulazimika kuketi ngazini akiwa na kipakatalishi mapajani.

Jawabu linalopendekezwa siku hizi, iwe ni katika maduka ya vifaa vya kielektroniki ya barabara ya Luthuli jijini Nairobi au yale ya mtandaoni, ni seti ya visanduku viwili au vitatu vilivyoandikwa “mesh” kwenye katoni. Maana ya neno hilo ni wavu, na kwa hakika visanduku hivyo hushikana mithili ya vifundo vya wavu wa mvuvi. Kila kimoja hufunika sehemu yake ya nyumba, na vyote hutumia jina moja la mtandao na nywila moja, hivi kwamba mtu anaweza kutoka jikoni hadi chumbani akiendelea na mazungumzo yake.

Ni jawabu zuri. Hata hivyo, ni ghali, na wapo walionunua visanduku vitatu kisha wakajikuta pale pale walipokuwa. Sababu ni kwamba mfumo huu hutibu ugonjwa mmoja tu, na katika nyumba za mawe na zege kama zijengwazo humu nchini, hata ugonjwa huo hautibiki ipasavyo iwapo visanduku havikuunganishwa kwa njia inayofaa. Jambo hilo haliandikwi kwenye katoni.

Hali hii ilianza kuonekana kwa uzito wake mnamo Machi 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya virusi vya corona na ofisi zikahamia majumbani. Kabla ya hapo, intaneti ya nyumbani ilikuwa ya burudani kwa wengi, na ikikwama hapakuwa na hasara kubwa. Leo wapo wanaolipwa kwa saa na waajiri walio ng'ambo, na mkutano ukikatika mara tatu kwa wiki, kazi yenyewe huwa hatarini.

Ugonjwa uko wapi?

Hatua ya kwanza haigharimu hata senti. Kipakatalishi kiunganishwe kwa kebo moja kwa moja na kisanduku cha kampuni ya intaneti, kisha kasi ipimwe katika mojawapo ya tovuti zinazofanya kazi hiyo bila malipo. Jaribio lirudiwe jioni, wakati majirani wote wako nyumbani na wanatumia huduma hiyo hiyo. Baadaye kasi ipimwe kwa simu, bila kebo, kwanza mtu akiwa amesimama karibu na kisanduku, halafu akiwa katika chumba kinacholalamikiwa, mlango ukiwa umefungwa.

Chukua mfano wa familia inayolipia megabiti 40 kwa sekunde. Ikiwa kebo inaonyesha 38, simu ikiwa sebuleni 35 na chumbani 3, basi kasoro imo katika nyumba, wala si katika kampuni. Hapo mfumo wa wavu una kazi ya kufanya. Lakini ikiwa kebo yenyewe inaonyesha 8, hakuna kisanduku duniani kitakachoongeza kasi hiyo. Kilichobaki ni kusambaza hizo 8 nyumba nzima kwa gharama kubwa. Dawa ya hilo ni kuipigia kampuni simu, na ikishindikana, kuihama.

Aidha, kasi inayohitajika si kubwa kama matangazo yanavyodai. Filamu ya ubora wa HD huhitaji takriban megabiti 5 kwa sekunde, ile ya 4K kati ya 15 na 25, na mkutano wa video kati ya 3 na 4, kwenda na kurudi. Nyumba ambamo wazazi wawili wako mikutanoni, runinga mbili za HD zinaonyesha filamu na watoto watatu wamo kwenye simu zao inaweza kuridhika na megabiti 40, mradi zote zifike zinakotakiwa.

Lipo jambo jingine ambalo aghalabu hupuuzwa. Vifaa vinavyotumia chaneli moja ya Wi-Fi huzungumza kwa zamu, kimoja baada ya kingine. Kifaa kilicho mbali hupokea mawimbi hafifu, na kwa hivyo hulazimika kuzungumza polepole ili kisikike. Ni sawa na mkutano wa baraza ambapo mzee mmoja anachukua robo saa kusema neno moja, huku wengine wote wakisubiri. Kwa sababu hiyo, kamera ya usalama iliyofungwa langoni, mahali ambapo mawimbi hayafiki vyema, inaweza kumkwamisha hata aliyeketi kando ya ruta. Nyumba yenye watu sita haikosi vifaa 20 ukihesabu simu, runinga, printa, kamera na vipakatalishi, na kila kimoja kinadai zamu yake.

Mawe, zege na mabati

Wi-Fi ni mawimbi ya redio, na mawimbi yana tabia zake. Vifaa vingi vya nyumbani hutumia bendi mbili, ile ya gigahezi 2.4 na ile ya gigahezi 5. Wimbi la bendi ya kwanza lina urefu wa sentimita 12 hivi, na la pili halizidi sentimita 6. Bendi ya gigahezi 5 ina nafasi pana na hubeba data nyingi, lakini huchoka upesi inapokutana na kizuizi. Ile ya 2.4 hupenya vyema zaidi, ila ni nyembamba, imejaa mawimbi ya majirani, na huingiliwa na tanuri za maikrowevu, ambazo hutumia masafa yayo hayo. Ipo pia bendi ya gigahezi 6 katika vifaa vilivyoandikwa Wi-Fi 6E na vingi vya Wi-Fi 7. Hiyo ina nafasi pana kuliko zote, na ndiyo dhaifu kuliko zote mbele ya ukuta.

Sasa mawimbi hayo yatiwe katika nyumba ya kawaida ya kitongoji cha Nairobi, iwe ni Ruiru, Syokimau au Kitengela. Kuta ni za mawe yaliyokatwa kwa mashine, kama yale ya Ndarugu katika Kaunti ya Kiambu, yenye unene wa inchi 6 hadi 9, yakapigwa plasta pande zote mbili. Sakafu ya juu ni zege lililosukwa kwa vyuma. Ukuta mmoja wa aina hiyo waweza kubakisha chini ya sehemu moja ya kumi ya nguvu za wimbi la gigahezi 5. Kuta mbili zikifuatana, hasara huzidishwa, wala haijumlishwi: sehemu moja ya kumi ya sehemu moja ya kumi ni moja ya mia.

Mifumo ya wavu ya majumbani ilianza kuuzwa kwa wingi nchini Marekani mnamo 2016. Huko, nyumba nyingi zina kuta za ndani zilizotengenezwa kwa fremu za mbao na kufunikwa kwa mbao laini za jasi. Wimbi hupita humo kama upepo kwenye pazia. Kwa hivyo katoni inapodai kwamba visanduku vitatu vinatosheleza nyumba ya futi elfu kadhaa za mraba, mnunuzi wa Kenya anafaa kukumbuka kwamba hesabu hiyo haikupigwa kwa kuzingatia mawe ya Ndarugu. Na aliye katika nyumba za kale za Lamu au Mji wa Kale wa Mombasa, ambazo kuta zake za matumbawe na chokaa hukaribia unene wa nusu mita, ana haki ya kuisahau kabisa. Katika nyumba kama hizo, kila chumba ni kisiwa.

Vizuizi vingine havionekani kwa urahisi. Tangi la maji lililowekwa ghorofani hufyonza mawimbi. Mabati, jokofu, mlango wa chuma na kioo kikubwa cha kujitazamia huyarudisha yalikotoka. Kisanduku kilichofichwa ndani ya kabati la runinga, nyuma ya runinga yenyewe, kimeshapoteza sehemu ya nguvu zake kabla hakijakutana na ukuta wa kwanza. Baadhi ya malalamiko kuhusu Wi-Fi huisha pale tu ruta inapotolewa kabatini na kuwekwa juu ya rafu, karibu na katikati ya nyumba. Mafundi wa kampuni za intaneti huiweka pale ambapo waya wa faiba unaingilia, kwa kawaida ukutani mwa mbele, kwa kuwa hapo ndipo kazi yao inapoishia upesi. Mteja ana ruhusa ya kuomba waya uendelezwe hadi ndani zaidi, na wakati wa kuomba ni siku ile ile ya kuunganishiwa.

Visanduku vinazungumzaje?

Hapa ndipo penye kiini cha uamuzi wote. Katika mfumo wa wavu, ni kisanduku kimoja tu kinachounganishwa na kampuni ya intaneti. Vingine hupokea data kutoka kwa hicho na kuisambaza katika sehemu zao za nyumba. Swali ni hili: huipokea kwa njia gani?

Katika seti za bei nafuu, zenye bendi mbili, kisanduku cha pili hutumia redio moja kuzungumza na kisanduku cha kwanza na pia kuhudumia simu. Kwa kuwa redio haiwezi kusikiliza na kusema kwa wakati mmoja kwenye chaneli moja, data ile ile hupita hewani mara mbili, na kasi hupungua kwa takriban nusu. Kisanduku cha tatu kikimtegemea huyu wa pili badala ya wa kwanza, hasara huongezeka tena. Hii ndiyo sababu ya familia kuona alama zote za Wi-Fi zimejaa kwenye simu ilhali ukurasa haufunguki. Alama hizo hupima ukaribu wa simu na kisanduku kilicho chumbani. Hazisemi lolote kuhusu njia iliyobaki kutoka kisanduku hicho hadi sebuleni.

Seti za bei ya juu huwa na redio ya tatu iliyotengewa mazungumzo ya visanduku vyenyewe. Husaidia sana, lakini haiuondoi ukuta. Redio hiyo ikitumia bendi ya gigahezi 6, kama ilivyo katika baadhi ya seti mpya, sakafu ya zege huweza kuinyamazisha kabisa.

Jawabu ambalo wauzaji hawalitaji mara nyingi, pengine kwa sababu haliongezi mauzo, ni kebo. Kebo ya Cat 6, au hata Cat 5e, hubeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi umbali wa mita 100, ukuta uwepo usiwepo. Kisanduku cha ghorofani kikiunganishwa na cha chini kwa kebo, redio zake zote hubaki huru kuhudumia simu na vipakatalishi. Katika nyumba ya mawe, seti ya bei nafuu iliyounganishwa kwa kebo huishinda seti ghali isiyo na kebo takriban kila mara. Mwenye fedha za kununua visanduku vitatu vya bei ya juu ataona faida zaidi akinunua viwili vya bei ya kadri na kumlipa fundi apitishe waya.

Kupitisha waya si lazima kuwe kubomoa. Nyumba nyingi zina paipu za plastiki zilizozikwa ukutani kwa ajili ya waya wa antena ya runinga au simu ya mezani, na nyingi ya paipu hizo hazitumiki tena. Kebo ya intaneti hupita humo bila tatizo. Kwa mpangaji, ambaye hawezi kutoboa sakafu bila idhini ya mwenye nyumba, kuna kebo bapa zinazopigwa pembeni mwa sakafu na kupandishwa kando ya ngazi. Hazipendezi sana machoni, lakini kazi huzifanya, na siku ya kuhama huondoka na mwenyewe. Jambo moja tu la kuepuka: waya wa intaneti usiingizwe katika paipu moja na nyaya za stima.

Fauka ya hayo, soko limejaa kebo zilizoandikwa Cat 6 lakini ambazo nyuzi zake ni alumini iliyopakwa shaba. Kebo hizo ni nyepesi, hukatika zikikunjwa, na hushindwa katika masafa marefu. Ukikwaruza ncha ya uzi kwa kisu na kuona rangi nyeupe chini ya ile nyekundu, hiyo si shaba tupu.

Tahadhari nyingine ni ya wenye nyumba ya pili uani, kwa mfano ya mfanyakazi au ya vijana waliokua. Kebo ya shaba inayopita nje kati ya majengo mawili inaweza kubeba msukumo wa radi hadi ndani ya vifaa vyote. Katika maeneo yenye radi nyingi kama vile Kisii na Kakamega, hilo si jambo la kupuuza. Waya wa faiba, ambao haupitishi umeme, ndio salama zaidi kwa kazi hiyo, mradi uwe wa aina isiyokuwa na uzi wa chuma ndani yake.

Vipo pia vifaa vinavyopitisha intaneti kwenye nyaya za stima za nyumba. Hufaulu katika baadhi ya nyumba na kufeli katika nyingine, kulingana na jinsi fundi wa stima alivyozigawa saketi. Asiye na njia nyingine anaweza kuvijaribu, ila anunue mahali anapoweza kuvirudisha.

Vingapi, na viwekwe wapi?

Kosa la kawaida kuliko yote ni kuweka kisanduku cha pili ndani ya chumba chenyewe kisichopata mawimbi. Kama simu haisikii chochote humo, kisanduku nacho kitasikia kidogo, na hakiwezi kugawa kisichopokea. Bila kebo, mahali pake ni katikati ya safari, pale ambapo mawimbi ya kisanduku cha kwanza bado yana nguvu, ikiwezekana penye ukuta mmoja tu kati yao. Katika nyumba ya ghorofa, ngazi ni rafiki mkubwa kwa kuwa ndipo palipo na uwazi katika sakafu ya zege. Kisanduku kikikaa kwenye kituo cha ngazi huona chini na juu. Kilichounganishwa kwa kebo, kwa upande mwingine, chaweza kuwekwa popote, hata ndani ya chumba chenye giza la mawimbi.

Idadi isizidishwe. Visanduku viwili hutosha nyumba nyingi za vyumba vitatu hadi vinne zenye ghorofa moja. Vikiwa vingi na kukaribiana, vyenyewe kwa vyenyewe huanza kuingiliana. Isitoshe, simu ndiyo huamua ishike kisanduku kipi, wala si ruta, na simu nyingi ni king'ang'anizi: hukishikilia kile cha sebuleni hata baada ya mwenyewe kupanda ghorofani. Seti nzuri huweza kuishauri simu ihame, lakini haiwezi kuilazimisha kwa upole.

Anayeishi katika nyumba ya vyumba viwili ndani ya jengo la ghorofa nyingi, kama yale ya Pipeline au Umoja, kwa kawaida hahitaji wavu wowote. Tatizo lake ni wingi wa majirani. Bendi ya gigahezi 2.4 ina chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11, na katika jengo lenye familia 60 hizo tatu hugombaniwa usiku kucha. Dawa ni kuhamishia runinga na vipakatalishi kwenye bendi ya gigahezi 5, ambayo kuta zile zile za mawe huizuia isifike kwa jirani. Mara moja moja, ukuta huwa na faida.

Kuhusu kizazi cha teknolojia, mnunuzi atakutana na Wi-Fi 5, Wi-Fi 6, 6E na 7. Wi-Fi 5 imezeeka, na ni vigumu kuipendekeza kwa familia kubwa isipokuwa kwa bei ya chini mno. Wi-Fi 6, iliyoanza kuidhinishwa mnamo 2019, ilibuniwa mahususi kwa mahali penye vifaa vingi, kwani huweza kuhudumia vifaa kadhaa katika zamu moja. Hiyo ndiyo inayofaa nyumba nyingi leo. Wi-Fi 7, ambayo vifaa vyake vilianza kuidhinishwa Januari 2024, ina kasi ya ajabu, lakini simu na vipakatalishi vya zamani haviwezi kuitumia, na kwa mtu anayelipia megabiti 40 kasi hiyo haina pa kukimbilia. Fedha za ziada zapaswa kwenda kwenye waya.

Jicho litupwe pia kwenye matundu ya kebo. Baadhi ya seti za bei nafuu zina matundu yenye kikomo cha megabiti 100 kwa sekunde badala ya gigabiti 1, na kila kisanduku kinafaa kuwa na angalau matundu mawili. Vilevile, visanduku vya kampuni moja kwa kawaida havishikani na vya nyingine. Mnamo 2018, muungano wa watengenezaji, Wi-Fi Alliance, ulitangaza utaratibu uitwao EasyMesh wa kuviwezesha kuelewana, lakini si kampuni zote zinazoufuata. Ni busara kununua aina ambayo kisanduku cha ziada chaweza kupatikana kimoja kimoja hapo baadaye.

Baada ya kununua

Ruta ya kampuni ya intaneti haiondoki. Kisanduku cha kwanza cha wavu huunganishwa nayo kwa kebo, na hapo huzuka mvutano, kwa sababu kila kimoja hutaka kuwa mkuu wa nyumba na kugawa anwani za mtandao. Matokeo ni printa isiyoonekana na michezo ya mtandaoni inayogoma. Njia mbili zipo. Ama wavu uwekwe katika hali inayoitwa AP, ambapo husambaza tu na kuiachia ruta ya kampuni kazi ya kugawa anwani, ama kampuni iombwe igeuze ruta yake kuwa kipitishi tu. Ya kwanza ni rahisi zaidi, ingawa katika baadhi ya seti huondoa uwezo wa kudhibiti saa za watoto. Kwa vyovyote vile, Wi-Fi ya ruta ya zamani izimwe, la sivyo simu zitaendelea kuing'ang'ania.

Kamera na balbu za kisasa za bei nafuu hutumia gigahezi 2.4 pekee, na nyingine hukataa kujiunga zinapokuta bendi zote zimeunganishwa chini ya jina moja. Seti nyingi zina njia ya kufungua mtandao wa pembeni kwa ajili ya vifaa hivyo, na pia wa wageni. Mtandao wa wageni una faida ya pili: mpwa aliyekuja kwa likizo hupewa nywila isiyofungua kipakatalishi cha kazi.

Usalama hauishii kwenye nywila. Mnamo Mei 2018 iligunduliwa programu hasidi iliyoitwa VPNFilter, iliyokuwa imeingia katika ruta na vifaa vingine vya mtandao visivyopungua 500,000 katika angalau nchi 54. Ruta ni tarakilishi ndogo, na huhitaji masasisho kama tarakilishi nyingine yoyote. Mnunuzi aulize iwapo masasisho huja yenyewe, na kampuni imeahidi kuyatoa hadi lini. Aulize pia kama vifaa vya kudhibiti watoto ni vya bure au hulipiwa kila mwezi, kwani baadhi ya kampuni huvitoza kwa dola.

Wanaonunua vifaa vilivyotumika Uingereza wawe macho zaidi. Baadhi ya visanduku vya wavu ambavyo kampuni za intaneti za huko huwapa wateja wao havifanyi kazi na ruta nyingine yoyote, na huku kwetu huwa ni pambo tu la mezani. Kifaa kipya nacho kiwe kimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, CA.

Kisha kuna stima. Faiba yenyewe huweza kuendelea kufanya kazi umeme unapopotea mtaani, lakini visanduku vya nyumbani huzima papo hapo. Mnamo Agosti 25, 2023 sehemu kubwa ya nchi ilikaa gizani kwa saa nyingi, na waliokuwa na betri ndogo za dharura zitengenezwazo kwa ajili ya ruta waliweza angalau kujaribu kuendelea na kazi. Katika mfumo wa wavu hesabu hubadilika: kisanduku cha kampuni, cha kwanza na cha pili vyote huhitaji betri, na kimoja kikizimika mnyororo hukatika. Kabla ya kununua betri, volti na ampea zilizoandikwa kwenye adapta ya kila kisanduku zisomwe, kwani vingine hutumia volti 12, vingine 9, na kuvichanganya huviunguza. Visanduku vinavyochomekwa moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani haviwezi kutumia betri hizo kabisa. Nyumba ambayo stima au tokeni huisha mara kwa mara iviepuke.

Anayejenga ana nafasi ambayo wengine hawana. Kabla zege halijamwagwa, paipu tupu zipitishwe kutoka mahali faiba itakapoingilia hadi dari ya kila ghorofa, chumba cha kusomea na uani. Gharama yake wakati huo ni ndogo mno ikilinganishwa na ya kutoboa baadaye.

Kwa wengine wote, jaribio la mwanzo lirudiwe siku ambayo mfumo umefungwa: chumba kile kile, saa ile ile ya jioni, mlango ukiwa umefungwa. Kama zile megabiti 3 zimekuwa 30, kazi imekwisha. Kama zimekuwa 6 tu, kisanduku kisogezwe hatua chache kuelekea kile cha kwanza na kasi ipimwe upya, au kebo itafutwe, huku katoni na risiti vikiwa bado vimehifadhiwa.